Kibubu cha Wawili

Hii ni safu yetu ya Wawili Wenyewe. Kwa anayejiunga nasi leo, hapa kila mwezi tunatafuta jambo moja ambalo wewe na mwandani wako mnaweza kulifanya kwa mikono yenu, simu zikiwa mbali na televisheni ikiwa imezimwa. Mwezi huu tunachafuka. Tunakaa kwenye gurudumu la mfinyanzi.

Najua nikitaja wapendanao na gurudumu la mfinyanzi kwa pamoja, wengi wenu akili inaruka hadi kwenye ile filamu ya Ghost ya mwaka 1990. Demi Moore amekaa usiku anafinyanga, Patrick Swayze anakuja kukaa nyuma yake, muziki unalia, mikono inakutana kwenye udongo. Mahaba matupu! Lakini hebu jiulize, kile chombo alichokuwa anakifinyanga kiliishia wapi? Kiliporomoka, tena palepale mkono wa pili ulipoingia. Sasa sisi tunataka mahaba na chombo pia. Ndiyo maana nimewachagulia kitu kinachotaka akili zenu zote mbili: duara la udongo lililofungwa pande zote, ambalo mwisho wake litakuwa kibubu chenu.

KWA NINI KIBUBU?

Chungu kina mdomo mpana. Mtungi una kitako, tumbo, shingo na mdomo, karibu kama binadamu. Kibubu hakina shingo wala mdomo, kina upenyo tu wa kupitishia sarafu, na jina lenyewe linakumbusha bubu, yule asiyesema alichonacho. Mitaani vibubu vingi ni vya mbao, fundi anapiga misumari shughuli imekwisha. Cha udongo kinachotoka kwenye gurudumu ni habari nyingine kabisa, maana unaanza na donge moja, unalifungua, halafu unatakiwa ulifunge tena kama vile halijawahi kufunguliwa.

Na hapo ndipo penye kazi. Gurudumu linapozunguka, udongo wenyewe unataka kukimbilia nje. Ndiyo maana anayeanza, hata akikusudia kikombe, mara nyingi anajikuta ametoa bakuli. Kupanuka kunakuja kwenyewe. Kurudi ndani ndiko kunakotaka mikono miwili, utulivu na subira. Je, nyumba zetu zina tofauti gani na hilo? Kazi inamvuta mmoja huku, ndugu wanavuta kule, vikoba, mpira, makundi ya WhatsApp, kila kitu kinavuta kwenda nje. Mapenzi yakiachwa yajizungukie tu nayo yanakuwa bakuli, kila mpitaji anachungulia na kuona kilichomo.

Huku kwetu, ufinyanzi wa asili haukungoja gurudumu. Wanawake wa Kikisi, kando ya Ziwa Nyasa huko Kyela, wanasifika kwa vyungu vya kufinyangwa kwa mkono, na ukifika Matema utavikuta vinauzwa. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye vyombo vyake vimo kwenye makumbusho makubwa duniani, naye huinua kazi zake kwa mkono bila gurudumu. Kwa hiyo gurudumu si sharti la kuwa mfinyanzi. Tumelichagua leo kwa sababu linamlazimisha mtu kukaa chini, kunyamaza na kusikiliza vidole vyake, na hayo ndiyo yanayotupungukia wengi.

KABLA HAMJAKAA

Tafuteni mfinyanzi mwenye gurudumu mjini kwenu, mlipane naye kwa saa mbili tatu za kujifunza. Msikimbilie kununua mashine. Mnahitaji udongo wa kilo moja hadi moja na nusu kwa kila jaribio, ndoo ya maji, sponji ndogo, kijiti cha kufungia sponji nyingine, kisu chembamba, sindano ndefu na kipande cha ubao laini chenye ukingo wa mviringo. Vaeni nguo msizozihurumia. Pete ziwekwe pembeni, na dada zangu mnisamehe, kucha ndefu na gurudumu haviivi chungu kimoja.

Udongo ukandwe kwanza. Mnaukanda kama unga wa chapati, ila hapa mnasukuma hewa itoke, maana kipovu kimoja kilichojificha kinaweza kuuyumbisha ukuta wote huko mbele. Atakayekanda awe yule ambaye hatakaa kwenye gurudumu raundi hiyo, ili kila mmoja awe ameweka mkono wake.

Halafu wekeni sheria moja, na hii ndiyo ngumu kuliko udongo: aliyesimama pembeni anamimina maji, anashika sponji, anatazama. Hatoi ushauri mpaka aombwe. Jaribuni muone. Wapo watu wanaoweza kukaa miaka kumi kwenye ndoa bila kumtazama mwenzao akikosea kitu kidogo na kujizuia kusema "si nilikwambia?" Dakika ishirini za gurudumu zitakuonyesha wewe ni wa kundi gani.

HATUA KWA HATUA

Kwanza ni kuliweka donge katikati. Lipige katikati ya sahani ya gurudumu likamate vizuri, gurudumu liende mbio, mikono iwe na maji, viwiko vibanwe mapajani. Donge litayumba na kuisukuma mikono yako. Usilifukuze. Mikono ikitulia, udongo unaifuata, na baada ya muda utahisi kama vile gurudumu limesimama kumbe linazunguka. Hapo ndipo pa kuanzia. Asiyeweka katikati vizuri asitegemee kufunga vizuri, kwa sababu kila kosa la chini linakuwa kubwa zaidi juu.

Pili, fungua. Zamisha kidole gumba katikati taratibu, ukibakiza kitako cha unene wa kama sentimita moja. Ukitoboa hadi chini, anza upya, udongo haukasiriki.

Tatu, pandisha ukuta. Mkono mmoja ndani, mwingine nje, vidole vitazamane kama wanaoongea kupitia ukuta, halafu panda polepole kutoka chini hadi juu. Usiuache ukuta uende nje hata kidogo. Uwe kama bomba lililoinamia ndani kidogo, na pale juu mdomoni bakiza udongo mnene zaidi. Usiuone umezidi. Huo ndio utakaokuwa paa, na paa halitoki hewani.

Nne, toa tumbo. Mkono wa ndani unasukuma kuanzia chini kuelekea katikati, mkono wa nje unapokea. Fanya taratibu na uangalie kwa makini, kwa sababu hii ni mara ya mwisho mkono wako kuingia humo. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Kama kuna sehemu hujaipenda ndani, irekebishe sasa, ukishafunga hakuna atakayeifikia.

Tano, kausha maji ya ndani. Hii wengi wanaisahau. Wakati wote huo maji yamekuwa yakichuruzika na kukusanyika kwenye kitako. Chukua kile kijiti chenye sponji, kizamishe, nyonya mpaka pakauke. Maji yakifungiwa humo, kitako kitabaki laini wakati ukuta unakaza, na chombo kitakuja kupasuka chini bila wewe kuona lililokuwa linatokea. Kwa nje kitakuwa kinapendeza tu.

Sita, bana shingo. Zungusha vidole vya mikono yote miwili kwenye ukuta wa juu, ubane kidogo huku unapanda. Ukuta utarudi ndani, na kila ukibana utanenepa. Ukinenepa, upitishie kidole uwe mwembamba tena, halafu bana tena. Bana, punguza, bana, punguza. Mwenye haraka atajua tu, kwa sababu ukuta utajikunja kama kitambaa kinachokamuliwa. Mwanzoni mkono mzima unapita mdomoni, baadaye vidole vitatu, kisha viwili, kisha kimoja.

Saba, funga. Kikibaki kitundu cha ukubwa wa punje ya hindi, sukuma ukingo ukutane, udongo uliozidi juu ukate, halafu lainisha. Kimya kimoja! Mbele yenu kuna duara lisilo na mdomo.

KINACHOSHIKILIA PAA

Sasa fanyeni jaribio hili. Chukueni ule ubao, mgusishe kwenye ukuta huku gurudumu linazunguka, mbonyeze kidogo. Dakika moja kabla ya kufunga, kubonyeza namna hiyo kungeweza kukilaza chombo chote. Sasa ukuta unawarudishia nguvu. Ukibonyeza juu, pembeni panatuna. Ukibonyeza pembeni, juu panainuka. Ndiyo maana wafinyanzi wengi wanafunga kwanza, umbo kamili la duara wanalitafuta baadaye kwa ubao.

Nguvu hiyo inatoka wapi? Ndani hakuna nguzo wala kijiti. Kuna hewa tu, ile ile iliyokuwamo wakati mnaongea na kucheka, ambayo imekosa pa kutokea na sasa inabeba paa zima.

Mpenzi msomaji, hapa naomba utulie kidogo. Kila wawili wanaodumu wana hewa yao. Jina ambalo mnaitana mkiwa peke yenu. Utani ambao ukisimuliwa nje hauchekeshi. Namna alivyolia siku ile alipokosa kazi, nawe ukamshika mgongo bila kusema neno. Mpango wenu ambao bado haujaiva. Vitu hivi havina uzito na havionekani, lakini ndivyo vinavyoirudishia nyumba nguvu pale wakwe, madeni au maneno ya watu yanapoibonyeza. Anayeandika kila ugomvi kwenye hali yake ya WhatsApp, au kila usiku anampigia shoga yake kumsimulia, anatoboa ukuta mahali ambapo hapakutakiwa kutobolewa. Kesho kikija kishindo kidogo tu anashangaa kwa nini paa limeshuka.

Aliyelijua jambo hili kwa vitendo kuliko wengi ni mfinyanzi mmoja wa Marekani, Toshiko Takaezu. Alizaliwa Hawaii mwaka 1922, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Japani, akafundisha Chuo Kikuu cha Princeton kuanzia 1967 hadi 1992, na alifariki mwaka 2011. Alisifika kwa vyombo vilivyofungwa, vingine vidogo vya kushika mkononi, vingine vya urefu wa mtu mzima. Vingi alivibakizia kitundu kidogo mno huko juu. Na alikuwa na mchezo mmoja mtamu: kabla ya kufunga aliweza kutia ndani kijidonge cha udongo kilichofungwa kwenye karatasi. Ndani ya tanuri karatasi iliungua, kijidonge kikabaki huru, na chombo ukikitikisa kinalia. Mtazamaji anasikia kuna kitu, lakini hawezi kukiona. Wawili wakitaka kumwiga kwenye kibubu chao, ruksa.

KAMA KUFUNGA KUMEWASHINDA

Msikate tamaa. Kufunga duara la donge moja huchukua majaribio mengi, na kuna njia ya pili ambayo kwa wawili naiona inafaa zaidi. Kila mmoja anafinyanga bakuli lake, halafu mabakuli yanaunganishwa mdomo kwa mdomo.

Msidhani ni njia ya wavivu. Wafinyanzi wa Korea wakati wa utawala wa Joseon, kuanzia mwishoni mwa karne ya 17 na katika karne ya 18, walitengeneza hivyo mitungi mikubwa ya kaure nyeupe inayoitwa mitungi ya mwezi. Udongo ule haukukubali kuinuliwa mkubwa na wa mviringo kwa mara moja, ungelegea. Wakafinyanga nusu mbili na kuziunga. Ukiitazama vizuri, pale katikati kiunoni unaona muungo, na duara lenyewe halijanyooka sawasawa, limeegemea kidogo. Wakorea wanaupenda kwa sababu hiyo hiyo. Mmoja wa mitungi hiyo Bernard Leach, mfinyanzi wa Uingereza, aliununua Seoul mwaka 1935. Baadaye akampa rafiki yake, mfinyanzi Lucie Rie, naye akakaa nao kwenye karakana yake London mpaka alipofariki mwaka 1995. Tangu 1999 upo kwenye makumbusho ya British Museum, na muungo wake unaonekana na kila anayepita.

Kuunga kuna masharti mawili. La kwanza, midomo ya mabakuli iwe na kipimo kimoja, pimeni kwa kijiti kabla ya kukata kwenye gurudumu. La pili ndilo linalowaangusha wengi: mabakuli yawe na unyevu sawa. Udongo unapokauka unasinyaa. Bakuli moja likiwa limekauka jana na jingine bado bichi, lile bichi litaendelea kusinyaa wakati mwenzake amesimama, na muungo utaachia. Yakwaruzeni midomo yote miwili kwa uma, pakeni uji mzito wa udongo, bandikeni, halafu lainisheni.

Ni wangapi wameungana mmoja akiwa ameshakauka na mwingine bado bichi? Mmoja anataka watoto mwaka huu, mwingine bado anatafuta maisha. Mmoja ametoka kuachika juzi, mwingine ndiyo kwanza anapenda. Si kwamba hawafai. Aliyetangulia kukauka afunikwe kitambaa chenye maji, mwingine apewe siku ya upepo, wakikaribiana ndipo waungane.

TUNDU

Sasa tuje kwenye sehemu iliyonifanya nichague mada hii. Kuna dada msomaji aliyeniuliza swali ambalo halijanitoka kichwani. Alisema, "Mume wangu kila siku ananiambia ya ndani yabaki ndani. Nje hataki yatoke, na mimi mwenyewe hataki kunisikiliza. Nimejaa. Nifanye nini?"

Dada yangu, na wengine mlio kama yeye, sikilizeni mfinyanzi anafanyaje. Duara likishafungwa na kuanza kukaza, halafu likaachwa hivyo hivyo, linajiweka hatarini. Udongo unasinyaa lakini hewa iliyomo haina pa kwenda, ukuta unaweza kuchanika. Kwa hiyo udongo ukifika hatua ya kuwa mgumu kama ngozi, anachukua sindano na kutoboa tundu moja dogo, mahali alipopachagua mwenyewe, mara nyingi upande wa chini. Paa haliporomoki tena kwa sababu limeshakuwa na nguvu yake. Kwenye kibubu chetu tundu hilo baadaye linakuwa ule upenyo wa sarafu.

Na kuna jambo jingine. Wengi hudhani chombo kilichofungwa kikipasuka tanuri, kilichokipasua ni hewa. Mpasuaji mkubwa ni maji. Maji yaliyojificha ndani ya unene wa ukuta yakipita nyuzi 100 za Selsiasi yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Ukosapo njia, unapasua ukuta na kuharibu vyombo vya jirani pia. Tundu linasaidia unyevu wa ndani utoke kabla ya moto kufika.

Basi jifunzeni kutofautisha hewa na maji, maana vyote viwili viko ndani na vyote havionekani. Siri inayowafanya wote wawili msimame imara ni hewa, itunzeni. Siri inayomlainisha mmoja, anayelala nayo na kuamka nayo analia, hayo ni maji, na mume akiamuru yafungiwe humo anaandaa mpasuko. Hayo yatolewe mapema. Anza kwa mwenyewe mhusika, kwa saa iliyotulia, maneno machache: "Hili linaniumiza, naomba unisikilize mpaka nimalize." Akikataa kusikia, tafuta tundu moja. Nasema moja, usifungue mdomo wa bakuli. Mtu mmoja mwenye busara na kifua, awe shangazi, somo wako, mshenga wenu au mshauri wa ndoa, mtu ambaye ukimweleza leo hutaisikia kesho saluni.

Lakini kama kinachofichwa ni kipigo, vitisho au kulazimishwa, hapo hatuzungumzii tundu la sindano. Siri ya namna hiyo haimshikilii mtu paa, inamdondoshea. Toka, sema kwa ndugu unayemwamini, nenda ustawi wa jamii au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Ndoa haikufinyangwa ili mmoja awe donge la mwenzake.

KUKAUSHA NA KUCHOMA

Baada ya kutoboa, pindueni duara, mlikalishe juu ya pete ya udongo ili lisivingirike, mpunguze kitako kizito mpaka kilingane na sehemu nyingine. Kisha kateni ule upenyo kwa kisu chembamba. Uwe mrefu na mpana kuliko sarafu mnayoitaka, kwa sababu kutoka ubichi mpaka kuiva udongo hupungua kama sehemu moja ya kumi, na mara nyingine zaidi. Mkikata kipimo kamili cha sarafu ya shilingi 500, mtaishia kutumbukiza ya 50.

Kaukeni polepole, namaanisha kibubu, ila hata nyinyi mkipunguza haraka si vibaya. Kifunikeni kwa mfuko wa nailoni uliolegea, kisikutane na jua wala upepo mkali siku za mwanzo. Wiki mbili si nyingi. Mtajuaje kimekauka? Kigusisheni shavuni. Kikiwa bado cha baridi, ndani kuna maji. Macho yanaweza kudanganywa na rangi, shavu ni gumu kudanganya. Moto wa kwanza nao uende taratibu sana mpaka uvuke hizo nyuzi 100, baada ya hapo fundi wa tanuri anaweza kuupandisha hadi karibu nyuzi 1,000.

KIBUBU KIKISHAIVA

Kabla ya sarafu ya kwanza, kubalianeni mambo matatu. Moja, hela hii ni ya nini. Iwe ya kitu kimoja kinachotajika: ada ya muhula, bati za chumba cha pili, au safari ya wawili bila watoto. Pili, kila mmoja anaweka kiasi gani na kila lini, hata kama kipato hakilingani. Anayepata kidogo akiweka kidogo kwa uaminifu, ameweka sawa na mwenzake. Tatu, siku ya kuvunja. Andikeni tarehe chini ya kitako kwa kalamu.

Halafu kiwekeni mahali ambapo wote mnakiona. Mtamjua mwenzako vizuri sana siku utakapomkuta saa sita usiku amekipindua anachokoa noti kwa pini ya nywele. Usipige kelele majirani waamke. Kaa chini, muulize ana shida gani ambayo hakuweza kukuambia. Huenda shida yake ni kubwa kuliko hiyo noti, na ulikuwa hujui.

Siku ikifika, kivunjeni pamoja, hesabuni pamoja, na vigae msivitupe vyote. Kipande kimoja chenye alama za vidole vyenu kwa ndani, zile alama ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziona tangu mlipofunga, kinatosha kukaa kabatini. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, yaani mwenye kutengeneza vyombo vizuri anaishia kulia kwenye kigae. Kwenu nyinyi wawili kigae hicho ni faida.

Kwa leo niishie hapa. Mkifinyanga, niandikieni mniambie nani aliweza kunyamaza pembeni ya gurudumu na nani alishindwa. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.